Kamongo Alipopewa Transfa

Lori la molasi lilinipita pale Mamboleo Jumanne asubuhi, nikiwa na barua mkobani ambayo nilikuwa nimeisoma mara mbili, na harufu ile ikanishika kooni kabla sijajua ni nini. Molasi hainuki kama sukari, msidanganywe. Inanuka kama sukari iliyoungua ikasahauliwa kwenye pipa, tamu na chachu kwa pamoja, na ikishaingia kwenye shati haitoki hata uliloweke siku mbili. Najua kwa sababu nilikuwa mtoto wa kunusa mashati. Barua yenyewe ilisema nimepewa transfa. Nimezaliwa Kisumu, nimesomea Kisumu, natengeneza mashine za hospitali Kisumu, na sasa karatasi moja yenye muhuri inaniambia nikaripoti kwingine mwanzo wa mwezi. Nilisimama kando ya barabara nikacheka peke yangu, maana mimi na neno hilo tumetoka mbali.

Wa rika langu mtaukumbuka ule mchezo wa simu wa kunasa viumbe. Ulikuwa na jina lake la Kizungu, sisi wa mtaa wa Migosi tukauita Mitego. Unatembea na simu mkononi, ramani ya mtaa inatembea nawe, na mara kiumbe anachomoza kwenye kioo, amekaa juu ya ukuta wa jirani au katikati ya barabara, nawe unamrushia wavu kwa kidole. Ukimnasa ni wako. Mmoja ana mabawa, mwingine ana pembe, mwingine anafanana na kiazi chenye macho. Kila mmoja alikuwa na namba ya nguvu juu ya kichwa, na sisi, kwa akili zetu za mwanzo, tuliamini kwamba namba hiyo ndiyo kila kitu.

Simu ilikuwa ya Mama. Mama alikuwa msusi, akisukia watu kwenye veranda ya nyumba yetu ya kupanga, na mikono yake ikishaingia kichwani mwa mteja haikutoka kabla ya masaa mawili matatu. Masaa hayo simu ilikuwa yangu. Kioo chake kilikuwa na ufa uliopita kona hadi kona na kilinuka mafuta ya nywele, na hadi leo nikisikia harufu ya mafuta hayo saluni ya mtu yeyote, kidole changu cha kulia kinaanza kuwasha. Sikuruhusiwa kutoka nje ya geti peke yangu, kwa hiyo viumbe wangu wote walikuwa wa plotini, ndani ya ua wa wapangaji: wa chini ya tangi la maji, wa kwenye kamba ya nguo, wa mlangoni pa choo. Niliwapenda hivyo hivyo.

Baba alikuwa fundi wa matrekta katika kampuni iliyokodisha mitambo ya mashambani, na gereji yao ilikuwa hapa mjini. Michezo haikuwa yake kabisa. Lakini Jumapili moja baada ya kanisa alitupeleka Dunga, ufukoni, kula samaki, na tulipokuwa tunangoja sahani akaomba simu aone ni nini hasa ninachokiinamia. Vidole vyake vilikuwa vinene, vyeusi kwenye kucha, na kioo hakikuvisikia. Alirusha wavu mara saba ukaanguka majini. Watu wa meza ya pili wakaacha kula wakaanza kumshauri. Mara ya nane akanasa. Alikuwa kiumbe mrefu, rangi ya matope, macho madogo, na viguu vinne vyembamba kama nyuzi, akijikokota ukingoni mwa maji bila haraka yoyote.

Baba alimtazama vizuri akasema huyo ni kamongo. Kama hukukulia kwetu, kamongo ni samaki wa ziwani anayetaka kufanana na nyoka; maji yakikauka hujifukia kwenye tope akalala humo hadi mvua irudi. Wanaume humla kwa furaha, ila wanawake wa Kijaluo wa kizazi cha mama zetu hawamtii mdomoni. Mama alisogeza kiti chake. Akasema kamongo haijawahi kuingia jikoni kwake na haitaingia kwenye simu yake. Baba akacheka mpaka akafuta macho, akanirudishia simu, akasema hiyo ni zawadi yangu, niitunze. Katika maisha yake yote huyo ndiye kiumbe pekee aliyemnasa.

Sasa niwaeleze Awuor. Awuor alikuwa binti wa mwenye plot, darasa la nane, na alikaa kwenye ngazi za tangi la maji kama hakimu. Sisi wadogo tulikuwa wanne watano tukicheza Mitego kwa simu za mama zetu, na Awuor, ambaye baba yake alimnyang'anya simu kwa ajili ya mtihani wa mwisho wa mwaka, alicheza kupitia sisi. Alikuwa na daftari la mistari. Humo aliandika kila kiumbe wa kila mtoto, na mbele ya jina akachora nyota.

Yeye ndiye aliyetufungua macho kuhusu ile namba ya kichwani. Alisema namba hiyo ni ya kudanganya wajinga. Nguvu ya nje inalishwa: unampa kiumbe peremende, anakua, namba inapanda, hata kiazi chenye macho unaweza kukilisha hadi kikaonekana jitu. Lakini kila kiumbe amezaliwa na vitu vitatu ambavyo havionekani, namna anavyoshambulia, namna anavyojikinga na namna anavyostahimili. Hivyo Awuor aliviita ya ndani. Viumbe wawili wa aina moja, wenye namba moja, wanaweza kukaa pamoja usijue kwamba mmoja ni almasi na mwingine ni takataka. Na ya ndani, alisema akigonga daftari kwa kalamu, haibadiliki. Ilivyoanguliwa ndivyo ilivyo hadi mwisho.

Ili kuijua, kulikuwa na kitufe cha kupima. Ukikibonyeza anatokea mama mmoja mnene mwenye aproni na mizani, anamtazama kiumbe wako kutoka kichwani hadi mkiani, kisha anasema sentensi moja ya Kiingereza. Sentensi zilikuwa nne tu. Awuor alizijua zote kwa moyo na alitutafsiria: huyu ni wa ajabu, nyota tatu, huyu ana nguvu, nyota mbili, huyu si mbaya, nyota moja, na ya nne, ambayo yule mama aliisema akiwa ameshageuka kuondoka, huyu hatafika mbali. Hiyo haikuwa na nyota. Wa aina hiyo alikuwa na kitufe chake, chekundu, chenye neno ambalo mjini kwetu kila mtu anajua kulitamka: transfa. Ukibonyeza, kiumbe anaenda zake na wewe unarudishiwa peremende moja ya kulisha waliobaki.

Mimi nilikuwa mwanafunzi hodari, niseme ukweli. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimetoa transfa kwa nusu ya viumbe wa plot bila kupepesa jicho. Nilipenda kuwa mtu anayejua. Nilijifunza kusema "hii haina ya ndani" kwa sauti ile ile ya Awuor, nikaanza kuisema hata kwa parachichi za Mama, na mara moja kuhusu mtoto mchanga wa jirani, nikachapwa kofi dogo la mdomo.

Siku moja mchana Awuor alipitia orodha yangu akafika kwa Kamongo. Nilikuwa sijampima. Sikuwa na sababu ya kueleweka, nilikuwa tu sijafika huko. Akaniambia nibonyeze. Yule mama wa mizani akatokea, akamtazama Kamongo kwa muda mfupi kuliko alivyowahi kumtazama kiumbe yeyote, akasema sentensi ya nne.

"Hii ni ya transfa," Awuor akasema.

Nilimwambia ni Baba aliyemnasa. Akaniuliza kama Baba kumnasa kunaongeza nyota. Watoto wenzangu walikuwa wananitazama, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wengine waachane na takataka zao. Nikabonyeza. Simu ikauliza kama nina hakika, maana akishaenda harudi. Nikabonyeza tena. Kamongo akageuka, akajikokota kwa viguu vyake vya uzi kuelekea ukingo wa kioo, akapotea, na pale alipokuwa ikabaki peremende moja ya rangi ya udongo. Nilihisi vibaya kwa muda wa kama kunywa kikombe cha maji, kisha nikaendelea na mwingine.

Jioni hiyo hiyo Baba alirudi mapema. Aliosha mikono kwa sabuni ya unga kama kawaida, akakaa, hakufungua redio. Mama akaweka ugali mezani akaniambia, kama mtu anayetoa habari ya hali ya hewa, kwamba Baba amepewa transfa, anaenda Muhoroni.

Ugali ulinikwama. Nadhani Mama alifikiri nimeungua, maana alinipa maji. Mimi nilikuwa nimeelewa kila kitu kwa mara moja, na nilikuwa nimeelewa vibaya kila kitu, lakini kwa mtoto hayo mawili yana uzito ule ule. Mtu fulani alikuwa amempima Baba. Alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni na akaona hatafika mbali. Na mimi, mchana wa siku hiyo, kwa kidole hiki, nilikuwa nimempa transfa kiumbe wake pekee. Sikuwa na shaka yoyote kwamba mambo hayo mawili yameshikana. Niliuliza kama atarudi. Mama akasema atakuwa anakuja Jumamosi, atuone, arudi kazini. Nikajua wanasema hivyo kwa sababu mimi ni mtoto.

Kama nilihitaji ushahidi, niliupata kwenye veranda siku mbili baadaye. Mama alikuwa anamsukia mama wa duka la mkaa, akamweleza mambo ya Baba, na nikamsikia kwa masikio yangu: "Waliangalia mafundi wote hapo, mmoja mmoja, wakaona ni yeye wa kutoa." Mama wa mkaa akaguna. Nikaenda kwenye ngazi za tangi nikamuuliza Awuor, kwa kuzunguka sana, eti watu pia wanaweza kupimwa ya ndani. Awuor alikuwa na kitabu cha hesabu mapajani. Hakuinua kichwa.

"Kwani wewe unafikiria mtihani ni nini?" akasema.

Baba aliondoka Jumatatu na sanduku la vifaa na begi moja. Jumamosi ya kwanza alirudi kweli, na nilipomkimbilia nikakutana na ile harufu. Haikuwa harufu yake. Baba yangu alinuka dizeli na sabuni ya unga. Huyu alinuka utamu. Kisha akaingiza mkono kwenye begi akatoa kifurushi cha karatasi ya kaki, akanikabidhi kwa tabasamu, na ndani yake kulikuwa na donge la sukari nguru, ile ya miwa isiyosafishwa, rangi ya udongo, rangi ile ile ya peremende ya Kamongo.

Sasa mtanielewa. Umempa mtu transfa, umerudishiwa peremende. Mchezo ulikuwa unaenda kama Awuor alivyosema, hatua kwa hatua. Mama alivunja kipande akala, akasema ni tamu, na mimi nikamwangalia akitafuna kama mtu anayeona mwizi. Kipande changu sikukila. Nilikificha kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda, kwa sababu nilikuwa nimejitungia sheria: peremende zisizoliwa zinaweza kurudishwa. Nikikusanya za kutosha, mtu ataweza kubonyeza kitufe kingine, ambacho bado hatujakiona, na Baba atarudishwa mzima.

Aliniletea nguru kila Jumamosi. Kila Jumamosi nilishukuru, nikaenda chumbani, nikaweka mkebeni. Na nikaanza kuona jambo lililonitia hofu kuliko yote: Baba alikuwa anapungua. Mshipi wake uliingia tundu moja zaidi, kisha jingine. Leo najua mwanamume anayejipikia ugali na sukuma wiki Muhoroni atapungua tu. Wakati ule nilijua jibu tofauti. Nguru ilikuwa inatoka kwake. Kila donge lilikuwa kipande cha Baba, na Mama alikuwa anakiweka kwenye chai.

Jumamosi ya tano nilimwambia asilete tena. Niliisema vibaya, kama watoto wanavyosema, nikisukuma kifurushi kwa mkono. Aliuliza kama sipendi. Nikasema sitaki. Alikunja karatasi taratibu akarudisha kifurushi kwenye begi, na uso alioufanya wakati huo sijausahau. Alikuwa mtu anayekaa siku sita mbali na mtoto wake akiwaza atamletea nini, na mtoto amekikataa. Lakini niliacha begi lifungwe, nikiamini kabisa kwamba namwokoa.

Mambo yalifichuliwa na sisimizi. Mama alifuata mstari wao mweusi kutoka dirishani hadi chini ya kitanda, akavuta mkebe, akaufungua, na mimi nikiwa mlangoni. Alikuwa na hasira ya haki ya mtu aliyetoka kupiga deki. Alitaka kujua kwa nini nalisha wadudu chakula alichokileta Baba. Nilipoona anaubeba mkebe kwenda kuumwaga nilimshika sketi nikalia kwa sauti ambayo wapangaji wote waliisikia.

"Usimwage, hiyo ni Baba."

Mama alisimama. Akaweka mkebe chini, sisimizi na vyote, akakaa kitandani, akaniuliza kidogo kidogo mpaka nikamweleza, ingawa si yote. Habari ya kidole changu na Kamongo sikuweza kuitoa. Alianza kucheka, nikamwona, akaweka mkono mdomoni, kisha hakucheka tena. Alimpigia simu Baba papo hapo, wakaongea Kijaluo cha chini chini. Nilisikia upande mmoja tu. Alipokata aliniambia shule zikifungwa tutaenda Muhoroni nikaone mwenyewe mahali transfa inapeleka watu.

Nilitegemea kuona kinu cha kusaga watu, siwafichi. Niliona yadi kubwa ya kampuni yao, yenye uzio wa seng'enge, miwa imeanguka barabarani kutoka kwenye matrela, moshi wa kiwanda cha sukari kwa mbali, na ile harufu imelala juu ya kila kitu, hata juu ya chapati. Matrekta yalikuwa yamepangwa mistari miwili. Mstari wa mbele yalikuwa na rangi na magurudumu. Mstari wa nyuma, karibu na uzio, yalikuwa yameota majani hadi kwenye usukani. Baba alitoka chini ya mojawapo la mstari wa mbele, amekonda, mchafu, akiwa hai, akatupungia spana.

Mama alienda kukaa kivulini na mzee mmoja aliyebeba funguo nyingi kiunoni, ambaye wote walimwita Mzee wa Stoo. Baba akanichukua kwenye kazi yake. Alikuwa na bisibisi ndefu kuliko mkono wangu. Aliwasha trekta moja jipya jipya, akaweka ncha ya bisibisi kwenye ubavu wa injini, mpini wake akauweka sikioni, akafumba macho. Kisha akaniinamishia mpini niweke sikio langu. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Kelele yote ya nje ilipotea, na ndani kabisa, peke yake, kulikuwa na kitu kinagonga.

"Unasikia nini?" akauliza.

"Kuna mtu anabisha mlango."

Alifurahi mno kwa jibu hilo. Akasema ni beringi, imekwisha, na watu wa nje wanaona rangi tu wanafikiri trekta ni nzima. Kisha akanipeleka mstari wa nyuma, kwenye trekta moja lililokuwa halina rangi hata ya kukisia. Alisema hilo lilikuwa limeshaandikwa kuwa limekufa. Likawaka kwa shida, likatetemeka, tukalisikiliza kwa bisibisi, na ndani yake kulikuwa kumetulia, mngurumo mmoja mnene usio na mtu yeyote mlangoni. Nikauliza alijuaje kwamba lina nyota tatu.

"Nyota gani?" akasema.

Ndipo nikamwaga yote, nikiwa nimeshika ule mpini. Nilimweleza ya ndani na ya nje, na yule mama wa mizani, na daftari la Awuor. Nilimweleza nguru na mshipi wake. Mwisho nikamweleza Kamongo, kwamba nilimpa transfa mimi mwenyewe kwa sababu hakuwa na nyota, na jioni ile ile yeye akapewa yake. Baba alizima injini ili anisikie vizuri. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alikuwa anatazama mikono yake.

"Nyathina," akasema, mwanangu, "nani alikwambia ya ndani haibadilishwi?"

"Awuor."

"Mwambie Awuor mimi kazi yangu ni kubadilisha ya ndani. Hii unaona hapa ilikuwa inabisha mlango kuliko hiyo ingine. Niliifungua, nikatoa, nikaweka. Rangi ndiyo sijui kupaka."

Mzee wa Stoo alikuwa amefika na chai, na sidhani alijua tunaongea nini hasa, lakini neno transfa alilisikia. Akaniambia nisiwe na kinyongo na hao wa Muhoroni kwa kumchukua baba yangu. "Hii fundi sisi ndio tuliomba," alisema. "Kisumu walikataa kumtoa. Tuliandika barua, wakakataa, tukaandika ingine." Baba alitazama pembeni kama mtu aliyeshikwa akifanya kitu kizuri.

Nililigeuza jambo hilo kichwani. Kumbe kuna transfa ya kutupwa na kuna transfa ya kuombwa, na kitufe ni kile kile. Liliniingia polepole, na lilipokwisha kuingia nilihisi mgongo wangu unanyooka. Lakini lilibaki moja, na ndilo lililokuwa limenilaza macho wazi wiki zile zote.

"Na Kamongo?" nikauliza.

Baba alifikiri. Hakunipa jibu la kubembeleza mtoto. Alifikiri kweli, akikuna kidevu kwa mkono wa grisi.

"Labda kuna mahali walimwomba," akasema.

Chai ile niliinywa na vipande vitatu vya nguru.

Tuliporudi Migosi nilipanda ngazi za tangi nikamfikishia Awuor ujumbe wake, neno kwa neno, kwamba ya ndani hubadilishwa na kwamba kuna mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Nilitegemea ubishi. Mtihani ulikuwa umebaki wiki chache, na sasa najua kila akipita mbele ya baba yake alikuwa akisikia ile sentensi ya nne. Aliniuliza nani amesema. Nikamwambia ni Baba, na tena amenionyesha. Akaniuliza kama nina uhakika, na sauti yake haikuwa ya hakimu. Nikamwambia nimesikiliza kwa sikio langu mwenyewe. Alifunga daftari la nyota na sikumwona nalo tena. Mitego ilikwisha kwetu hivyo, bila mtu kutangaza. Simu ya Mama ilikuwa imejaa viumbe nisiowapa transfa hadi ikakataa kupokea mwingine, na Mama akaufuta mchezo apate nafasi ya picha za mitindo ya nywele.

Baba alikaa Muhoroni miaka mingi, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka alipostaafu akarudi Migosi na bisibisi yake. Bisibisi hiyo sasa iko kwangu. Wenzangu kazini wana vifaa vya kisasa vya kupima pampu na mitambo ya oksijeni, na mimi navitumia, lakini mashine ikinitatiza hungoja watoke chumbani, nikaiweka ncha ubavuni na mpini sikioni. Huwa sikosei. Nalisema hili bila aibu, sikio hili nililipata kwa Baba mwenyewe.

Jumanne ile, pale Mamboleo, lori la molasi lilipokwisha kupita, nilitoa barua nikaisoma mara ya tatu. Haikusema kama nimeombwa au nimetolewa. Barua hizi hazisemi. Nikampigia Baba nikamwambia nimepewa transfa. Kabla hajajibu, kwa sekunde kadhaa nilikuwa mtoto mlangoni na mkebe umebebwa.

"Wapi?" akauliza.

"Kericho, Baba."

Nikasikia akikohoa kidogo, akimwambia Mama kitu kando ya simu, Mama akijibu. Kisha akarudi.

"Sawa," akasema. "Sukari tuko nayo. Jumamosi utuletee majani ya chai."